Ni Pampu Tu, Hakuna Kingine

Jumapili, 4 Juni

Nimeahidi! Mbele ya kaka, mbele ya mkewe, mbele ya muuguzi wa zamu. Jumamosi kaka anatoka hospitali, na atarudi nyumbani ndani ya Kisu. Si ndani ya kitu kingine chochote chenye magurudumu.

Daktari amesema hakuna la kufanya zaidi. Alisema kwa upole, huku akiitazama kalamu yake. Wiki mbili, labda tatu. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akanigeukia na kuniuliza Kisu kinaendeleaje. Nikajibu kiko vizuri sana. Uongo mtupu. Hakijawaka tangu Machi.

Kwa kumbukumbu, siku nikiwa mtu mashuhuri na haya yakisomwa: Kisu ni gari la mbio, jekundu, milango miwili, pua ndefu. Tulilinunua nusu kwa nusu, mimi na kaka, tukiwa bado vijana na gari likiwa tayari limezeeka. Sasa linalala bandani nyuma ya nyumba yangu, limefunikwa shuka.

Kaka akasema nimwite Shemeji alitazame. Shemeji ni mume wa dada yetu. Fundi umeme wa magari, ana karakana, ana kibao barabarani, ana ovaroli iliyotariziwa jina lake kifuani. Nikasema nitamwita. Uongo wa pili ndani ya dakika moja. Miaka ishirini mtu huyo ananichekea puani kila nikishika bisibisi. Sitamwita. Jumamosi nitapita mbele ya karakana yake, kaka pembeni yangu, na nitapiga honi mara mbili.

Nikitoka, muuguzi akanifuata mpaka kwenye korido. Ananiomba niwe nafunga mlango wa wodi taratibu, wagonjwa wanashtuka. Wodi haina shuka za kutosha, yeye kaona mlango!

Jumatatu, 5 Juni

Nimechukua likizo ya wiki. Maktaba haitaona pengo langu. Mkuu wa maktaba alishanihamishia stoo ya nyuma mwaka jana, eti kwa sababu ya mlango wa chumba cha kusomea. Watu wana maneno.

Uchunguzi umeanza saa mbili kamili. Dalili: ukizungusha ufunguo, stata inaizungusha injini vizuri tu, lakini injini haishiki. Zamani, kabla hujagusa stata, ukiwasha swichi peke yake ulisikia mvumo mdogo nyuma ya viti, kama nyuki ndani ya kopo, kwa sekunde mbili hivi. Ilikuwa ni pampu inavuta mafuta. Kaka alikuwa akiinua kidole kimoja na kusema tungoje, linakunywa. Hatukuwahi kuondoka bila kile kidole.

Sasa kimya. Niliwasha swichi, nikakimbia nyuma, nikalaza sikio kwenye kapeti ya buti. Kimya. Nikarudia mara nane, nikiongeza mbio kila mara. Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe chake, akatazama, akarudi ndani.

Hukumu: pampu imekufa. Dakika ishirini tu! Na watu wanasomea mambo haya miaka mitatu.

Muuza spea anayo iliyotumika. Ameniapia kwamba imetoka kwenye gari la mwalimu mstaafu aliyeliendesha Jumapili tu. Nimefunga buti kwa furaha mpaka kopo la misumari likaanguka kutoka kwenye rafu.

Jumanne, 6 Juni

Saa sita nzima nimelala juu ya tenki. Petroli mpaka kwapani. Pampu mpya ndani, vifuniko vyote mahali pake, bado nimebaki na skrubu tatu ambazo bila shaka hazikuwa na kazi. Nikawasha.

Kimya.

Nikampigia muuza spea na kumwita tapeli. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, kama nilihakikisha kwamba umeme unaifikia hiyo pampu. Nikajitia sisikii, nikakata simu. Kisha, ili nimkomeshe, nikazichukua pampu zote mbili na kuziunganisha moja kwa moja kwenye betri, nje, mezani. Ya kwake ikavuma. Ya zamani nayo ikavuma, tena kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo nina pampu mbili nzima na gari ambalo haliwaki. Tatizo ni umeme. Nimeliandika neno hilo kwa shida, maana umeme ni himaya ya Shemeji.

Jioni nilikwenda kumwona kaka. Amepungua tena. Shingo imekuwa nyembamba, kola inamzunguka tu. Akauliza kama Shemeji amekuja. Nikasema amekuja, na amesifu sana kazi yangu. Kaka akatabasamu lile tabasamu lake la mtu aliyenijua miaka hamsini na minne. Nilipoinuka akaniambia nifunge mlango polepole. Amekuwa akiniambia hivyo tangu tulipokuwa tunalala chumba kimoja.

Jumatano, 7 Juni

Siku mbaya.

Fyuzi zote nzima. Nikabadilisha rilei, vile viboksi vya kuwashia na kukata umeme: ya honi nikaiweka kwenye nafasi ya pampu, ya pampu kwenye honi. Honi inalia. Pampu haivumi. Nikakitafuta kitabu cha gari chenye michoro ya nyaya. Kitabu kipo, kurasa za umeme hazipo. Nikakumbuka. Nilizichana mimi mwenyewe miaka tisa iliyopita ili Shemeji akija kukiazima asizipate. Nikazificha mahali pa uhakika. Ni pa uhakika kwelikweli, maana hata mimi sipakumbuki.

Nikapiga moyo konde. Nikavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye pampu, juu ya viti. Waya wa kengele ya mlango, ndio pekee niliokuwa nao. Injini ikawaka! Sekunde arobaini za raha tupu. Nilikuwa tayari nafungua mdomo nimwite mke wangu ndipo waya ukaanza kutoa moshi, na kiti cha kaka kikaanza kutoa moshi.

Mama Cherehani, jirani yetu fundi wa nguo, akaja mbio na beseni lake la kufulia na kulimwaga lote dirishani, pamoja na soksi mbili. Moto haukupata nafasi. Kisha akasimama hapo, maji yakimchuruzika mikononi, akaniambia mbele ya mke wangu kwamba mtu ambaye kaka yake yuko karibu kuondoka anapaswa kuwa amekaa naye, si kuchoma vitu bandani. Nikazikamua soksi zake, nikamrudishia.

Nikafunga buti. Kwa nguvu, nakiri.

Dada akapiga simu. Habari za moshi zimeshamfikia. Shemeji yuko tayari kuja akitoka kazini, atatumia nusu saa tu. Nikasema tulikuwa tunachoma takataka.

Alhamisi, 8 Juni

Njama mpya. Nilingoja Shemeji aende kula, nikaingia karakana na kumwambia dada, anayekaa mezani pale, kwamba maktaba inahitaji taa ya kupimia umeme ili tukague taa za kusomea. Dada akanitazama kwa muda mrefu. Akanipa. Amerithi macho ya marehemu mama, na si haki kuyatumia namna ile.

Mke wangu akazungusha ufunguo, mimi nyuma na taa. Nimegusa waya wa pampu: taa haikuwaka. Umeme unatoka mbele, haufiki nyuma. Unapotea njiani. Wapi? Hapo ndipo zile kurasa zingesaidia.

Halafu skrubu ikanidondoka, ikaingia pembeni mwa buti, nyuma ya kapeti ya ukutani. Nikaingiza mkono mpaka begani, shavu limelala juu ya jeki, nikawa napapasa gizani na kuitukana. Nikagusa hiki, nikagusa kile, kitu kikabonyea na kulia tik. Nikaipata skrubu. Nikarudi mbele, nikawasha swichi kwa sababu tu sikuwa na wazo lingine.

Mvumo! Nyuki kwenye kopo! Nikapiga stata, injini ikashika, banda zima likatetemeka. Nikalia. Naandika wazi, nililia, na mke wangu akanishika mgongo.

Maelezo ni rahisi. Pampu mpya ilihitaji muda wa kuzoea gari. Shemeji hawezi kujua jambo kama hili, halimo kwenye vitabu.

Nimeacha buti wazi harufu ya petroli itoke. Taa nimeirudisha kwa dada na kikaratasi: ahsante, wataalamu tumemaliza.

Ijumaa, 9 Juni

Nimezunguka mjini na Kisu, buti likiwa wazi limefungwa kamba. Nikapita karakana. Honi mara mbili. Shemeji akatoka na bisibisi mkononi, akanyoosha kidole kwenye buti, akapaza sauti kwamba liko wazi. Wivu!

Jumamosi, 10 Juni

Asubuhi mke wangu alifungua kamba na kulifunga buti kwa kiganja, taratibu, kama anavyofunga kila kitu. Nilivaa suti. Gari likawaka mara moja. Nikafika hospitali saa nne, nikaegesha mbele kabisa, chini ya dirisha la wodi.

Kaka aliteremka kwenye kiti cha magurudumu. Alipoliona gari akafunika uso kwa mkono mmoja. Muuguzi akamsaidia kuingia. Kiti kina doa jeusi la moto, nikakitandika taulo, hakuuliza. Mkewe alitangulia nyumbani kuandaa kitanda. Mimi nikapewa begi la kaka niliweke nyuma. Redio ndogo, kandambili, bahasha ya picha za kifua. Miezi miwili hospitalini, na begi halikuwa na uzito hata wa kitabu kimoja. Wepesi ule ukanichoma. Nikalitupa ndani, nikafunga buti.

Nikaingia, nikawasha swichi. Kaka akainua kidole.

Kimya.

Kidole kikabaki juu. Nikazima, nikawasha. Kimya. Stata ikazungusha na kuzungusha. Nikashuka, nikafungua boneti, nikatoa fyuzi zote na kuzipanga kwenye leso, watu wakaanza kukusanyika na kila mmoja na ushauri wake. Dereva wa gari la wagonjwa akashauri tusukume. Tukasukuma. Kaka ndani, anashika usukani kwa mkono mmoja, anacheka kwa pumzi ndogo. Hatukufika popote. Mwishowe betri nayo ikaisha, stata ikawa inatoa mlio wa saa ya mezani.

Saa moja na nusu! Kaka alikuwa amefumba macho na midomo imekuwa ya kijivu. Nikamwambia dakika tano tu, nimeshaijua shida. Akasema ameshampigia Shemeji tangu mwanzo.

Alikuja na pikapu, ngazi juu, dada pembeni yake. Hakunicheka. Walimlaza kaka kwenye kiti cha mbele, mto wa dada chini ya kichwa, wakaondoka polepole. Nilibaki na suti yangu na fyuzi kumi na mbili kwenye leso.

Jumapili, 11 Juni

Shemeji amelivuta gari kwa kamba mpaka bandani kwangu, akaweka betri yake, akajifuta mikono. Akaniuliza swali moja: kabla halijazima, jambo la mwisho nililofanya ni lipi. Nikasema sikufanya lolote. Akauliza begi la kaka lilikuwa wapi. Nikasema kwenye buti.

Akafungua buti, akainua kapeti ya ukutani, akanionyesha kiboksi kidogo chenye kitufe chekundu kilichoruka juu. Akaeleza kama anaeleza mtoto, ila bila dharau, na hilo ndilo lililoniumiza. Kile ni swichi ya ajali. Gari likigongwa, kinaruka na kukata umeme wa pampu ili mafuta yasimwagike kwenye moto. Cha kwetu springi yake imechoka. Kishindo chochote kinatosha. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Tik. Nikawasha swichi. Nyuki kwenye kopo.

Kisha akauliza lilizima lini mara ya kwanza. Machi, nikasema. Siku gani ya Machi? Ilikuwa siku tuliyochukua majibu ya kaka. Niliiweka ile bahasha kwenye buti na kulifunga. Shemeji akaitazama sakafu. Ingekuwa afadhali acheke kwa pua.

Swichi mpya ataitafuta. Kwa sasa nifunge taratibu tu. Ameandika FUNGA POLEPOLE kwenye karatasi na kuibandika ndani ya buti. Kesho saa mbili asubuhi nimchukue kaka, nimzungushe kidogo kabla ya jua kali, bado ana nguvu za kukaa.

Jumatatu, 12 Juni

Nataka kuandika kila kitu kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na nusu niliamka na akili safi. Kitufe! Wiki nzima ya utafiti wangu, halafu jibu liwe kitufe? Mtu makini hukagua. Nikaibandua karatasi ya Shemeji, nikafunga buti kwa nguvu. Nikawasha swichi. Kimya. Sawa, lakini jaribio moja halithibitishi kitu. Huenda pampu ilichoka wakati uleule. Nikaamua kuirudisha pampu ya zamani, ambayo siku ile mezani ilivuma kwa nguvu zaidi. Nikiifunga na ikavuma, bila kugusa kitufe, Shemeji ataomba radhi mbele ya kaka.

Nikavua vifuniko. Simu ikalia mara tatu ndani ya koti, sikuipokea, nilijua ni Shemeji. Nikafunga pampu. Kimya. Nikakagua nyaya. Kimya. Nilipotazama saa ilikuwa imekaribia saa tano.

Nikabonyeza kitufe. Likawaka.

Simu hazikuwa za Shemeji. Zilikuwa za mke wa kaka. Kaka alikuwa amekaa barazani tangu saa moja, amevaa koti lake la kahawia, amenyolewa ndevu. Saa nne alishindwa, wakamrudisha kitandani na koti lake.

Nilipoingia alifumbua macho, akasema nanuka petroli. Tulimbeba mimi na mkewe mpaka uani. Alikuwa mwepesi kama kapu la nguo kavu. Tukamweka kitini. Nikasogeza gari hatua chache kuelekea barabarani, likapita kwenye shimo dogo, akatoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Nikasimama. Akasema barabara basi, haiwezi tena. Nimzimie injini, niwashe swichi peke yake.

Nikawasha. Mvumo, sekunde mbili. Akainua kidole. Akataka tena. Nikazima, nikawasha. Mara sita. Kila mara kidole kilipanda kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Kisha akauliza nilikuwa wapi asubuhi. Nikamwambia ukweli, wa kwanza tangu haya yaanze: karatasi, buti, pampu. Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaja mbio na maji. Nilipokwisha kumrudisha kitandani akanyoosha mkono kuelekea mlango wa chumba. Nikaufunga polepole. Hata mimi sikuusikia.

Alhamisi, 15 Juni

Kaka amefariki jana alfajiri. Leo tumemzika.

Kisu kilikwenda makaburini nyuma ya pikapu ya Shemeji. Nilikiendesha peke yangu. Dada alinikataza kugusa buti, akasimama mbele yake kama askari, nami sikubishana. Hakukuwa na mtu wa kunyanyua kidole, nikawa nasahau kungoja, nikapiga stata mapema, gari likakwama mara mbili mbele ya watu. Sikuona aibu. Nilikuwa natazama kile kiti na doa lake.

Jumapili, 25 Juni

Mke wa kaka alikuja asubuhi na vitu viwili. Karatasi yenye mwandiko wa kaka, herufi zimelegea: nusu yake ya Kisu ni yangu, kwa sharti kwamba swichi mpya ya ajali aifunge Shemeji. Na lile koti la kahawia, akasema nilitunze mimi.

Shemeji ameshaipata swichi. Atakuja Jumanne kuifunga. Ameniomba, kupitia kwa dada, kupitia kwa mke wangu, nisiguse kitu chochote siku mbili hizi. Amebandika karatasi mpya, herufi kubwa zaidi, na gundi ya kudumu.

Nilitaka kwenda kumtembelea kaka kule alikolala. Nikalikunja koti, nikaliweka kwenye buti, juu ya jeki. Bado lina harufu yake, sabuni ya kunyolea. Nikafunga.

Kishindo kilisikika mpaka kwa Mama Cherehani, cherehani yake ikanyamaza. Nikabaki nimesimama, mkono juu ya buti. Nikagundua nangoja kuambiwa nifunge polepole. Nikangoja muda mrefu tu. Cherehani ikaanza tena.

Nikaingia, nikawasha swichi. Kimya.

Nimekwenda kukitazama kitufe. Kimeruka juu, ndiyo. Lakini kuruka kwake hakuthibitishi kitu. Sijakibonyeza. Nimempigia muuza spea, anayo pampu kubwa zaidi, ya lori, na ameniapia kwamba dereva wake alikuwa mtu mpole. Nikianza sasa hivi, kabla Shemeji hajafika Jumanne nitakuwa nimemaliza.

Ni pampu.